Mwaka Gani Unataka Kushinda?

Mwanzoni mwa Novemba, matlai yakipisha kaskazi, kisiwani Koyama hakuna anayekaa bure. Bahari imefunguka, vyombo vimeshushwa majini, na kila nyumba yenye mvuvi inahesabu siku kabla upepo haujageuka tena. Ni katika siku hizo ndipo nilipopata ujumbe wa sauti kutoka kwa mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa ukimbizini Mombasa na sasa anaishi Minneapolis: “Ami, timu yangu imekufa. Nimekuwa wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Naruhusiwa kubakiza watu watano tu. Nibakize nani?”

Timu aliyoizungumzia ni ya kubuni, na mchezo wenyewe ni besiboli, ambayo kwetu hakuna anayeicheza. Nilimwomba anieleze tangu mwanzo, naye akanieleza kaskazi yote, usiku kwa usiku, mpaka nikaona kuwa swali lake lina kina kuliko vijana wengi wa mpira wanavyodhani. Naliandika hapa kwa sababu wapo wengi kama yeye, watoto wetu wa pwani walioko Marekani na Ulaya, na kwa sababu michezo ya timu za kubuni imeshaingia kila barza kutoka Kismayo hadi Dar es Salaam.

Chanzo chake ni mkahawa mmoja wa New York, La Rotisserie Française, ambako mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi isiyokuwa na uwanja. Kwa kanuni iliyokuja kuzoeleka, kila mmoja hupewa dola 260 za kununulia wachezaji 23 wa kweli kwa mnada. Msimu mzima yale waliyoyafanya wachezaji hao uwanjani yalihesabiwa kwa faida ya aliyewanunua: mipigo ya kuvusha uzio, vituo vilivyoibwa, wapigaji waliotolewa na mrushaji. Vijana wetu wanamjua binamu wa mchezo huo, ule wa Ligi Kuu ya Uingereza, wenye pauni milioni 100, wachezaji 15, na si zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Lakini mchezo wa Kiingereza hufa Mei. Agosti kila mtu huanza upya, aliyekuwa wa kwanza na aliyekuwa wa mwisho wakiwa sawa.

Ligi ya kubakiza haikusamehe hivyo. Unaingia mwaka mpya na baadhi ya watu wako, kwa bei ileile uliyowanunulia au kwa nyongeza kidogo. Katika ligi ya kijana wangu nyongeza ni dola 5 kila mwaka. Uliyemwokota kwa dola 3 mwakani ni dola 8, kisha 13, kisha 18. Kosa ulilolifanya miaka miwili nyuma bado linakula mfukoni mwako, na busara ya miaka miwili nyuma bado inakulisha. Kwa hiyo miezi ambayo mchezo umelala ndiyo miezi ya kazi.

Hilo sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa, ingawa majira yetu yamepishana na yao. Besiboli huanza mwishoni mwa Machi, kila timu hucheza mechi 162, na fainali humalizika karibu na mwanzo wa Novemba. Maana yake inapigwa wakati wa kusi na kulala wakati wa kaskazi. Bahari yetu ni kinyume chake. Kusi ikikaza, Juni mpaka Agosti, vyombo hupandishwa pwani, na hapo ndipo fundi anapopita na nyundo akigonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima una sauti yake na ubao uliooza una yake. Kalafati mpya, sifa na shahamu vitakuja baadaye. Kwanza ni kusikiliza. Babu zetu walioshona mitepe kwa kamba za nazi walikuwa na kazi kubwa zaidi, kwa sababu kamba huchoka kabla ya ubao, na chombo kilichotaka kwenda mbali kilipaswa kushonwa tena.

Na fundi haanzi kugonga kabla hajauliza chombo kinatakiwa kufanya nini. Kikitakiwa kivue karibu kaskazi moja kisha kiuzwe, atafanya matengenezo ya namna moja. Kikitakiwa kirithiwe na mtoto, atatoa hata mbao ambazo zingeweza kustahimili mwaka mmoja zaidi. Ndiyo maana jibu langu la kwanza kwa kijana lilikuwa swali. Unataka kushinda mwaka gani?

Alishangaa. Alidhani kila mtu anataka kushinda mwaka huu. Lakini aliyemaliza wa kumi na moja, akiwa na watu watano wa kubakiza, hawezi kutaka kushinda mwaka huu kwa kutamani tu. Ninaamini kwamba wanaozama kwenye ligi hizi, mwaka baada ya mwaka, huzama kwa kutojibu swali hilo. Humbakiza mkongwe mmoja kwa ajili ya leo, chipukizi mmoja kwa ajili ya kesho, na wengine watatu kwa sababu wamewazoea. Timu ya namna hiyo haina mwaka wake. Wakongwe wanakwisha kabla chipukizi hawajaiva, na mwenye timu anamaliza wa sita, mbali na kombe na mbali na matumaini.

Mwaka ukishajulikana, bei inaanza kusema. Wengi husema mbakize aliye bora. Mfanyabiashara yeyote wa pwani atakwambia kwamba ubora wa bidhaa ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kiasi ulichoinunulia. Tuseme una mpigaji wa dola 40 ambaye kazi yake yastahili dola 42, na kijana wa dola 3 ambaye kazi yake yastahili dola 20. Wa kwanza ni mkubwa kwa jina, na faida yake ni dola 2. Wa pili anakupa 17. Kwa hesabu hiyo nyepesi, yule wa dola 40 anarudishwa mnadani bila machozi.

Hesabu nyepesi lakini ina tundu. Timu 12 zenye dola 260 kila moja zina jumla ya dola 3,120. Tuseme wachezaji waliobakizwa na timu zote wamegharimu dola 800, lakini kwa kuwa kila mtu kabakiza wa bei rahisi, thamani yao ya kweli ni dola 1,400. Fedha zilizobaki mifukoni ni dola 2,320. Bidhaa iliyobaki mnadani ni ya dola 1,720. Fedha nyingi zinafukuza wachezaji wachache, na bei zinapanda: ukigawanya, kila cha dola 1 kitauzwa kwa karibu dola 1.35. Yule wa dola 40, mwenye kazi ya dola 42, uliyetaka kumrudisha ataondoka na mtu kwa dola 57 hivi. Kumbe ulipomwona ana faida ya dola 2 alikuwa na faida ya 17, ingawa faida ya kijana wako wa bei rahisi nayo imepanda. Aliyewahi kununua mchele Kismayo meli ikichelewa analielewa jambo hili bila karatasi.

Je, basi abakizwe? Hapo mwaka unarudi kuamua. Anayetaka kushinda sasa hivi ambakize, na hana haja ya kuwaza zaidi. Anayejenga kwa ajili ya mwaka wa pili au wa tatu asimbakize na asimrudishe mnadani bure pia. Ambadilishe, kabla ya siku ya kupeleka majina, kwa mwenzake anayetaka kombe la mwaka huu, achukue kijana wa dola 3 au 5 ambaye saa yake ya nyongeza ndiyo kwanza imeanza. Mchezaji huyo mmoja ana thamani mbili tofauti kwa watu wawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya biashara ya haki iwezekane. Hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja kanunua mwaka wake.

Kijana wangu alikubali haya yote kwa haraka, mpaka tulipofika kwa Mike Trout.

Trout wa Los Angeles Angels alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2014, 2016 na 2019. Mtoto wa kaka yangu alijifunzia besiboli kwa kumtazama yeye. Jina lake ndilo la kwanza alilolijua. Akamnunua ghali, akambakiza, akambakiza tena. Kati ya 2021 na 2024 Trout alicheza mechi 36, kisha 119, kisha 82, kisha 29. Ni mechi 266 kati ya 648, chini ya nusu. Mwaka 2025 alirudi akacheza 130, akitimiza miaka 34, na kijana akaona hiyo ni ishara ya kumbakiza tena. Simlaumu. Kuna watu ambao wametupa furaha, na kumwondoa mtu aliyekupa furaha kwenye orodha kunauma hata kama orodha ni ya kubuni. Lakini mapenzi nayo yana bei yake mnadani, na mwenye timu aijue kabla ya kuilipa. Trout alilipiwa kwa nafasi moja kati ya tano, nafasi ambayo kijana wa miaka 22 angeikalia mpaka leo.

Umri ndio ubao wa kwanza wa kugonga. Wapigaji wengi wa besiboli hufikia kilele kati ya miaka 26 na 29, halafu huteremka, wengine polepole na wengine kwa ghafla. Kwa hiyo ukisema unataka kushinda baada ya miaka miwili, mtu wa kumtafuta sasa ana miaka 24 au 25. Bobby Witt Jr. wa Kansas City, aliyezaliwa mwaka 2000, na Elly De La Cruz wa Cincinnati, aliyezaliwa 2002 na kuiba vituo 67 msimu wa 2024, ndio sura ya mtu huyo. Aliyewanunua mapema amekula faida kwa misimu kadhaa.

Warushaji ni habari nyingine, na hapa nawaomba wasomaji wawe waangalifu kuliko kote. Mkono wa mrushaji ni kamba ya mtepe: hukatika kabla ya mwili mwingine kuchoka. Tangu daktari Frank Jobe alipomshona kiwiko Tommy John mwaka 1974, ukano mpya unaweza kuwekwa mahali pa uliokatika, lakini mchezaji hukaa nje mwaka mzima, mara nyingi zaidi. Jacob deGrom alisaini na Texas Rangers kwa dola milioni 185 kwa miaka mitano, akaanza mechi 6 tu mwaka 2023, akapasuliwa, akarudi kwa mechi 3 mwaka 2024. Mwaka 2025, akiwa na miaka 37, alianza mechi 30 akiwa miongoni mwa bora wa ligi. Aliyemshikilia mwaka 2023 akitaka kombe la 2023 aliumia. Aliyemchukua kwa bei ya kutupa baadaye, akilenga 2025, alipata hazina. Mkono ni uleule. Kilichowatofautisha wenye timu hao wawili ni tarehe.

Shohei Ohtani, ambaye hurusha na pia hupiga, anafundisha hilo kwa njia kubwa zaidi. Septemba 2023 alipasuliwa kiwiko na ikajulikana kuwa mwaka 2024 hatarusha. Palikuwa na waliomwona amebaki nusu mtu. Nusu hiyo ilipiga mipigo 54 ya kuvusha uzio na kuiba vituo 59, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeyote katika msimu mmoja, na Juni 2025 akaanza kurusha tena.

Kwa chipukizi, nina tahadhari ambayo sisi Waafrika tunaihitaji kwa sababu ya mapenzi yetu. Uganda ilipopeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya vijana wadogo, Williamsport, mwaka 2012, ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kufika huko, na tangu hapo vijana wa Uganda wamesainiwa na klabu za Marekani. David Matoma alisainiwa na Pittsburgh Pirates. Kijana wangu alitaka kumweka mmoja wao kwenye nafasi ya tano, kwa fahari. Fahari hiyo naishiriki. Lakini angalia muda. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisainiwa na Pirates hao hao mwaka 2008, na alipokanyaga uwanja wa ligi kuu, Aprili 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika pale. Ni miaka tisa. Aliyembakiza miaka yote hiyo angekuwa amefunga nafasi moja kwa kaskazi tisa kwa ajili ya mechi chache zilizofuata. Chipukizi wa miaka 19 ana thamani pale tu njia yake ya kupanda inapokutana na mwaka uliouchagua.

Klabu za kweli zimeshapita njia hii zikiwa na fedha za kweli. Houston Astros walipoteza mechi 111 mwaka 2013 wakiwalea vijana kama Carlos Correa, na mwaka 2017 wakatwaa ubingwa, ingawa baadaye ilithibitika kuwa waliiba ishara za wapinzani na kombe hilo lina doa. Chicago White Sox waliwaiga. Desemba 2016 walimtoa Chris Sale kwenda Boston wakachukua vijana, wakaongoza kundi lao mwaka 2021, kisha mwaka 2024 wakapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi. Njia ni ileile. White Sox walikusanya vijana, na walipofika mwaka wao hawakuzungushia vijana hao watu wa kutosha.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na nyumbani. Katikati ya 2021 Simba walikuwa wametwaa ligi ya Tanzania mara nne mfululizo. Wakamwachia Clatous Chama aende RS Berkane na Luis Miquissone aende Al Ahly, yaani waliowauza ndio waliokuwa wakitengeneza mabao. Yanga, ambao hawakuwa wametwaa tangu 2017, walitumia mapumziko yaleyale kuleta uti wa mgongo mzima kwa mkupuo: Djigui Diarra langoni, Djuma Shabani na Yannick Bangala nyuma, Khalid Aucho katikati, Fiston Mayele mbele. Wakatwaa ligi ya 2021/22 bila kufungwa, na mwendo wao wa mechi 49 ulikatwa na Ihefu mwishoni mwa Novemba 2022.

Ninachokitazama mimi ni kilichofuata. Mwaka 2023 waliondoka Mayele, Feisal Salum na kocha Nasreddine Nabi, watatu katika kipindi kimoja cha mapumziko. Kwa timu nyingi hayo ni mazishi. Lakini Stephane Aziz Ki alikuwa ndani ya nyumba tangu 2022, na msimu wa 2023/24 akafunga mabao 21 ya ligi, huku Maxi Nzengeli na Pacome Zouzoua wakiingia. Ubao wa badala ulikuwa umeshachongwa kabla wa zamani haujatolewa. Simba nao, baada ya kumaliza wa tatu 2023/24, walifanya wanachokiogopa wengi: waliwaachia majina mengi, wakamleta kocha Fadlu Davids na vijana kama Jean Charles Ahoua, aliyeibuka mfungaji bora kwa mabao 16, na Mei 2025 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya Berkane. Walifungwa. Ligi pia waliikosa. Bado naona walikuwa wamechagua mwaka wao kwa macho wazi, na mashabiki waliodai kombe la haraka walikuwa wanadai kitu ambacho kikosi hakikujengewa.

Kuna jambo la haki ambalo sitaki lipite. Anayejenga upya anaweza kushawishika kuuacha msimu kabisa, kutopanga kikosi, kuwauza watu wake wote kwa rafiki yake mmoja katikati ya mwaka. Akifanya hivyo anaamua mshindi wa ligi ambayo yeye mwenyewe hashindani. Wenzake kumi na mmoja wameweka muda wao na fedha zao. Kupoteza kwa mpango kunaruhusiwa, kuwaharibia wengine mchezo hakuruhusiwi, na nilimwambia kijana kwamba kama hawezi kupanga kikosi kila wiki hata akiwa wa mwisho, aiache ligi.

Na kuna mahali ambapo mfano wa chombo na mfano wa timu vinaishia. Watu wa visiwa vyetu vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula walitawanyika kuanzia 1991 kwa sababu ya vita vya Somalia. Wako Kenya, wako Uingereza, wako Marekani, na waliorudi ni wachache. Kisiwa hakina orodha ya watu watano wa kubakiza. Nikizungumza na mtoto wa kaka yangu juu ya nani aachwe, najua kuwa yeye mwenyewe yuko mbali kwa sababu hapakuwa na aliyemuuliza. Pengine ndiyo sababu alimshikilia Trout muda mrefu hivyo.

Mwishowe alimtoa. Mwenzake mmoja aliyekuwa na timu ya kombe alimchukua, akampa mpigaji wa miaka 23 wa dola 4. Alichagua 2027. Siku ya kupeleka majina, usiku kwao na asubuhi kwetu, nikiwa pwani natazama mashua zikirudi, alinipigia, akanitajia majina manne na kuniuliza juu ya la tano: mrushaji wa dola 6 aliyepasuliwa mkono mwezi wa Septemba, au mtoto wa miaka 19 ambaye kila gazeti linamsifu. Nikamuuliza ni yupi kati ya hao atakuwa uwanjani Aprili 2027. Hakukata simu. Nilimsikia anahesabu, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba.